Muhogo wa Mlimani

Kwenye mchezo ninaocheza katika simu, nchi imekatwa vipande. Kipande cha mlima ukikiwekea shamba, kinaongeza chakula. Ukikiwekea mgodi, kinaongeza mali, chakula kinapungua. Ukijuta, unafuta mgodi, unarudisha shamba, na chakula kinapanda palepale. Hapo ndipo hasira hunishika mpaka natamani kuitupa simu.

Sisi tulikuwa na kipande chetu cha mlima karibu na Salamabila. Mama alilima muhogo pale. Kaka yangu akaona chembe za dhahabu, akang'oa muhogo wote, akachimba shimo. Mabati ya nyumba yetu yalitoka humo, sikatai. Halafu mvua ikaporomosha mlima, naye yumo ndani. Tulichimba kwa mikono mpaka udongo ukaanza kutushukia sisi, tukaacha.

Sasa majani yameota. Juzi jirani alimletea mama miti ya muhogo ya kupanda pale, eti ardhi isilale bure. Mama alishukuru. Jirani alipoondoka, mama akaisukuma yote motoni, akapikia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Nilimuuliza kwa nini.

"Mizizi ya muhogo inashuka mbali, mutoto wangu," alisema. "Nikivuna pale, nitakuwa ninakula nani?"