Mugongo wa Kumubeba Bisimwa

Mugongo wangu ulifungwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kila siku ya posho, Jumamosi. Tulikuwa tunachimba mufereji hapa Kadutu, mutaa wetu wa mulimani. Niliinama, kitu kikanishika kiunoni, sikunyooka tena. Musimamizi akanipigia kelele, akaniita mwananchi kwa Kifaransa: "Citoyenne, acha uvivu!" Uvivu! Kama ningeweza kuinua ile jembe, angenijua.

Kwa karatasi niliitwa Nabintu, lakini watu wote waliniita Agathe. Nilikuwa na mutoto mumoja tu, Bisimwa, wa miezi saba. Nilimungojea miaka kumi na mbili. Na kumufunga mutoto mugongoni inaomba uiname kabisa, umuweke juu, umushikilie, ukaze kitenge. Mimi hata kuvaa viatu ilikuwa imenishinda.

Kwa dispensaire walinipa vidonge, wakaniambia nilale juu ya ubao. Nililala wiki tatu, mugongo ukazidi kukauka. Wakati ule muramu wangu Virginie, dada ya mume wangu, ndiye alikuwa anamubeba Bisimwa. Alimubeba vizuri, siwezi kudanganya. Lakini siku moja nilimupokea mutoto, akalia, akamunyooshea Virginie mikono. Mutoto anajua mugongo. Nililia sana, na nikamuchukia Virginie bure.

Mume wangu Isidore akanipeleka kwa Mama Godelive, muzee mumoja mwenye kutoka Kalehe, aliyekaa karibu na kwetu na alikuwa ananyoosha watu migongo. Alianza na maulizo. Miguu inakufa ganzi? Mukojo unapita vizuri?

"Kama miguu ingekuwa imekufa, ningekurudisha kwa dokteri sasa hivi," akasema.

Akanilalisha ubavu, akashika bega na nyonga, akasukuma mara moja. Mugongo haukutoa mulio.

"Mama, fanya tena. Haikulia! Ya jirani yangu ililia ko!"

"Kama unataka muziki, enda kwa bar. Mulio hauponyeshi mutu."

"Basi na shingo pia."

"Shingo ya mutu mimi siigeuzi kwa nguvu. Haikuumi, unaitakia nini?"

Yesu Maria, niliona amenidanganya. Lakini siku ile nilivaa viatu mwenyewe.

"Usifurahi mbio," akasema. "Hii itakupunguzia maumivu kidogo tu. Ule ubao, tupa. Kila asubui shuka mupaka ku lac, kule ziwani, kisha panda tena. Rudi hapa kila wiki. Na siku utamufunga mutoto wewe mwenyewe, usiniletee kuku. Pita tu mbele ya mulango wangu nikuone."

Kupanda Kadutu na mugongo ule! Kila asubui nilimutukana Mama Godelive rohoni. Siku zingine maumivu yalirudi, nikakaa chini njiani, nikainuka tena.

Wiki ya sita, Virginie mwenyewe akaniletea kitenge.

"Jaribu, mama Bisimwa. Niko nyuma yako."

Nikainama. Iliuma kidogo. Bisimwa akalia, akamutafuta shangazi yake kwa macho. Nikakaza kitenge, nikaanza kutembea. Kulia kukapungua, kisha nikasikia shavu yake imetulia kati ya mabega yangu. Ee Mungu, nilifurahi!

Mama Godelive alikuwa anachambua maharagi mbele ya mulango. Nikapita. Akainua kichwa, akacheka. Nikageuka, nikapita tena.

Mara ya tatu akapiga kelele: "Weye Agathe, nimekwisha kukuona! Enda nyumbani, mutoto amelala!"