Maembe Chini ya Kitanda

Baba alikuwa karani wa baraza la jiji, na kila akienda kwao Ukambani alirudi nyumbani kwetu mtaani Mbotela na gunia la maembe mabichi, magumu kama mawe. Aliyapanga ndani ya sanduku la bati, akayafunika kwa blanketi kuukuu na kulisukuma chini ya kitanda. Yeye tu ndiye aliyelifungua. Alibonyeza karibu na kikonyo, akachagua, akampa Mama la kwanza na kumuuliza, "Ni tamu?" Hakula lake mpaka ajibiwe.

Mara ya mwisho aliyapanga Jumapili. Alhamisi akaanguka kazini, akafa.

Tuliporudi kutoka kumzika, harufu ya maembe ilitupokea mlangoni. Hakuna kilichokuwa kimepita kinywani mwa Mama ila chai ya rangi, na nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya.

"Mathe, hizo maembe zitaoza, bana," kaka yangu akasema.

"Sanduku ni la baba yenu. Atalifungua mwenyewe."



Nilikiogopa kile kitanda. Kila nikitoka shule harufu ilikuwa imezidi, kana kwamba mle ndani kuna mtu anayeendelea na maisha yake. Majirani walikuja kutoa pole huku wakimeza mate, wakidhani hatuwaoni. Niliwachukia wote.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilisoma kwamba sikukosea sana. Embe likichumwa huendelea kupumua. Mti hauliletei chakula tena, basi hujila lenyewe: wanga hugeuka sukari, ukali hupungua, vitamini C nayo huzidi kwenda chini, huku ile rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza vitamini A ikiongezeka. Akiba ikiisha, huoza. Mama naye alikuwa anajila vivyo hivyo mbele ya macho yetu, ila yeye hakuwa anapata utamu wowote.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyeishiwa na subira. Jioni moja alilivuta sanduku hadi katikati ya chumba.

"Wifi, utatuachia watoto hawa kwa sababu ya sanduku? Fungua."

Mama akaketi sakafuni. Kisha akafungua. Ya chini yalikuwa yameshaoza, yanatoa maji meusi. Akabonyeza ya juu moja moja, karibu na kikonyo, akachagua embe moja. Akalimenya kwa meno, akala, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Kaka yangu alinishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Sikuutoa. Nilikuwa naomba tu asiache.

Alikula mpaka akafika kwenye kokwa. Kisha akainua uso, akatazama kiti cha Baba.

"Ni tamu," akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.