Kitambaa cha Vipepeo Nilichomlazia Mwanangu

Nimekosa, na sina tena wa kumsingizia. Jina langu liacheni tu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja hapa Machakos, na kazi yangu ni kukata vitambaa katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River.

Kuna kitambaa ambacho tukikikata lazima tuvae barakoa. Kimetiwa dawa ili kisikunjamane. Robota lake likifunguliwa, macho yanawasha hadi machozi yanatoka. Kila mkataji anajua hilo. Nilijua!

Nilipokaribia kujifungua, msimamizi aliniruhusu nibebe vipande vilivyobaki vya kitambaa hicho. Vilikuwa na vipepeo vya waridi, vinang'aa. Nikashona shuka, mfarishi na kizuizi cha kuzungusha kitandani. Sikufua hata kimoja. Nilijua nikifua, ule mng'ao utapungua, na mimi nilitaka wageni waone vitu vipya. Sifa tu, jamani!

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kathiani na leso zake tatu kuukuu, zimefuliwa miaka mingi hadi zimelainika. Kwao mtoto mchanga hulazwa kwenye nguo ya zamani. Nilimshukuru kwa mdomo. Alipotoka nje, moja nikaifanya tambara la kupigia deki.

Mtoto alikuwa msichana wa kwanza, kwa hivyo kwa desturi yetu Wakamba alipewa jina la nyanya yake huyo.

Wiki ya pili akatokwa na vipele shavuni na shingoni. Mama mkwe aliinama kitandani, akainuka akipangusa macho.

"Hii kitu mtoto analalia inanichoma macho," akaniambia. "Ondoa, mwanangu."

Nikamcheka. Nikamwambia hiyo ni harufu ya upya, labda huko kwao hawajaizoea.

Vipele vikaenea, kisha kifua kikaanza kukoroma. Kule kliniki muuguzi akauliza ni kitu gani kipya kimegusa ngozi ya mtoto. Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu. Wakati huo nilishaanza kushuku shuka zangu, wallahi nisiwadanganye! Lakini niliona aibu kukiri.

"Ni mafuta ambayo nyanya yake anampaka," nikasema.

Siku hiyo hiyo mume wangu alimwambia mamake asimguse mtoto tena. Mama wa watu alikunja nguo zake akaondoka, hata chai hakunywa. Nilikuwa pale pale, nimebeba mtoto, nami sikusema neno.

Haikupita wiki mtoto akashindwa kunyonya kwa kukosa pumzi. Alilazwa hospitali siku tatu. Kwa matibabu, na kwenye shuka za wodi zilizochakaa kwa kufuliwa, kifua kikafunguka na ngozi ikatulia. Tuliporudi nyumbani niliogopa kuziondoa shuka zangu nisije nikaulizwa kwa nini, nikamlaza tena kwenye vipepeo vyangu. Uji nilioweka jikoni ulikuwa haujachemka, tayari shingo imekuwa nyekundu na kikohozi kimerudi. Nikamnyakua! Nikasimama naye katikati ya chumba. Mafuta hayakuwepo. Nyanya hakuwepo. Aliyekuwepo ni mimi.

Nikamwambia mume wangu kila kitu. Hakupaza sauti. Alikusanya shuka zote akazitupa nje, kisha akanigeukia.

"Wewe kazini unavaa barakoa. Yeye ulimvalisha nini?"

Nilimpigia mama mkwe simu nikilia, nikamwambia ni mimi niliyekosa. Aliuliza kama mtoto anapumua vizuri. Nikasema anapumua. Akasema, "Basi nimesikia," akakata. Mtoto ameshaanza kutambaa, na nyanya yake hajakanyaga kwangu tena. Mtoto analalia zile leso zake mbili zilizobaki, na ngozi yake haina doa.

Wenzangu, msichague vitu vya mtoto kwa macho peke yake. Uliza vimetiwa nini. Vinuse. Vifue, uvirudie, uvianike juani. Kikiendelea kunuka dawa, kiache, hata kiwe kizuri namna gani! Na mtu akikuambia kinamchoma macho, usimcheke kama nilivyocheka mimi. Siku hizi nikimwita mwanangu, jina linalonitoka ni la mama niliyemsingizia, na anayegeuka kuniangalia ni mmoja tu.