Wiski ilipungua kwenye pipa, nikajua visa yangu imeota mbawa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii siitii chumvi, imenikuta mwenyewe hapa Sydney.

Mimi ni mlokole, pombe siijui hata ladha. Ila riziki yangu iko kwenye kiwanda kidogo cha wiski huku Granville, na mwenye kiwanda ndiye sponsor wa visa yangu. Akinitimua, mimi, wife na mtoto wetu Ima tunafungasha.

Kanisani wananisema sana, hiyo ni mada nyingine.

Nilianza na forklift. Mwaka huu boss akanikabidhi mapipa, yale ya mbao ambamo wiski inalazwa miaka. Yanafungwa, hayaguswi.

Juzi kati akaniambia nifungue moja nipime. Nikatumbukiza kijiti. Wiski imeshuka!

Nikakagua sakafu, kavu. Nikafungua la pili, nalo limepungua. La tatu hivyo hivyo.

Funguo za chumba kile ninazo mimi. Mwizi atakuwa nani kama si yule Mwafrika mwenye funguo?

Wakuu, niliogopa mpaka nikashika mpira wa maji. Nijaze tu, yaishe.

Kabla sijafungulia nikampigia wife, alikuwa kazini, shift ya kule Westmead. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba Ima, weka huo mpira chini. Nenda kaseme kabla hujaulizwa."

Nikauweka chini, nikaenda. Nikamweleza boss yote, nikaapa kwamba sinywi.

Akaniangalia, akasema, "That's just the angels, mate."

Eti ni malaika tu! Nikadhani ananikejeli. Kumbe ndivyo wanavyosema. Mbao inapumua, kila mwaka kiasi fulani kinapotelea hewani, wanakiita fungu la malaika. Kinachobaki ndicho kinachokolea. Maji yangu yangeharibu kazi ya miaka yote.

Nikaenda chooni nikalia.

Maana mama yangu alifariki nikiwa nasubiri makaratasi huku, sikumzika. Tangu hapo najiona nimeibiwa, na lile pengo nimekuwa nikilijaza overtime, mpaka Ima akanizoea kama mpangaji.

Sasa najifunza kumwachia Mungu alichochukua. Siyo rahisi. Visa ya kudumu bado haijatoka, na usingizi wangu bado ni wa mang'amung'amu.

Ila Jumapili hii nimekataa shift. Nimekaa na Ima, nikamsimulia habari za bibi yake.

Wana-diaspora, ninyi mapengo yenu mnayajaza na nini? Semeni tu, mimi nimeshaanza.