Filimbi ya Saa Kumi na Mbili

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba kiziwi ni yule asiyesikia kitu, damu inanichemka. Baba yangu alisikia lori likipanda kilima chetu cha Kyebando kabla yetu sote. Alisikia radi, ngoma, mlango ukibamizwa. Sauti ambazo hakuzisikia ni zile nyembamba za juu: ndege, birika likichemka, watoto, filimbi. Alikuwa askari polisi, mwalimu wa shabaha, na mlio wa bunduki ulikuwa umemla masikio kuanzia juu, ukambakizia sauti nzito za chini.

Hata maneno yalimfikia nusunusu. A na O zilifika nzima. S, F na SH, zile pumzi nyembamba zinazotenganisha neno na neno, zilipotelea njiani. Watu walimpigia kelele, upuuzi mtupu, maana kelele ilizidisha kile kile alichokuwa akikisikia tayari. Mama alimgeukia tu, uso kwenye mwanga, akasema polepole, wakaelewana. Kazini baba alificha. Chini ya utawala ule wa wanajeshi, askari mwenye kasoro alitupwa nje yeye na familia yake, na nyumba yetu ilikuwa ya serikali.

Kila jioni saa kumi na mbili, bendera ikishushwa kambini alikofanya kazi baba, filimbi ililia na barabara nzima ikaganda. Mwenye baiskeli alishuka, mwenye mzigo alibaki nao kichwani. Baba alikuwa na ujanja wake: alitazama miguu ya watu. Ikisimama, naye alisimama.

Jioni ile alitoka getini peke yake, na mbele yake hapakuwa na mguu wa mtu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kando ya fundi cherehani mmoja Mkenya. Baba alipenda kupiga soga naye kwa sababu ya sauti yake nzito, iliyomfikia bila taabu. Filimbi ikalia. Baba akaendelea kutembea.

"Baba! Simama!" niliita kwa kisauti changu cha kitoto. Wapi! Nikamgeukia fundi. "Mwite wewe, atakusikia!"

Fundi akaikodolea macho bendera. Najua aliogopa. Wote tuliogopa, na bado nina hasira naye.

Wanajeshi wawili wakamkaba baba.

"Wewe! Masikio iko?"

Sauti ilikuwa nene, tena ya karibu. Baba aliisikia vizuri kabisa, akajibu kwa heshima kama alivyofundishwa.

"Iko, afande. Nasikia."

"Kumbe wewe nasikia! Lakini nakataa simama kwa bendera!"

Wakamtwanga kwa vitako vya bunduki, kichwani, mbele ya watu waliokuwa bado wamesimama wima kwa adabu. Washenzi wale. Serikali ilimchukulia masikio akiifanyia kazi, kisha ikampiga kwa kukosa masikio. Wakamvua kofia na mkanda, wakamwambia asionekane tena pale, na nyumba aihame.

Tulipanda kilima giza likiingia, yeye mbele, mimi nyuma.

"Nimewajibu vibaya?" aliuliza bila kugeuka.

Tukaenda. Alipofika karibu na nyumba, ambayo haikuwa yetu tena, akasimama.

"Mbona unaninyamazia, mwanangu?"

Nilikuwa nalia kwa kwikwi tangu getini.