Yalikuwa Mate, Si Makohozi

Jambo lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo hata kulisema: kile nilichokileta kutoka Nungwi ndani ya kichupa kilikuwa makohozi, au mate tu? Nikajiambia labda vilikuwa vimechanganyika. Labda. Nilipolisema neno hilo mara ya nne nikajua najidanganya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimerudi Unguja na shahada mpya, nikapata kazi kwa profesa aliyechunguza namna mwili unavyojikinga na maradhi ya kifua. Alitaka kujua nani anakohoa kwa virusi, ambavyo penisilini haivifanyi kitu, na nani kwa bakteria, ambao inawaua. Mimi nilikwenda shamba kukusanya makohozi, kisha nikayatazama kwa hadubini katika chumba chetu cha ghorofani Mji Mkongwe, na kuandika nilichokiona daftarini.

Nungwi nilimkuta bi mkubwa mmoja aliyekuwa na wiki ya tatu anakohoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe unayekusanya mate ya watu? Huko mjini yamekwisha?"

Wanawake waliokuwa wakisuka ukili wa mikeka barazani kwake wakacheka. Nilitakiwa nimwambie asukutue mdomo, avute pumzi, akohoe kutoka chini kabisa ya kifua mpaka kitoke kizito. Lakini yule alikuwa rika la bibi yangu. Nitamwambiaje akohoe na kutema mbele yangu, watu wanatazama? Nikamnyooshea kichupa, nikaangalia viatu vyangu. Akajifunika kanga, akanipa mgongo, akatema kidogo, kwa adabu.

"Haya, nshatema."

Kilikuwa chepesi, cheupe, chenye povu. Nikashukuru, nikaondoka.

Chini ya hadubini, kioo kizima kilijaa chembe bapa za ngozi ya mdomoni. Ya kutoka mapafuni haikuwapo hata moja. Nilijua maana yake. Nikaandika: "Makohozi. Hakuna bakteria wa nimonia."

Profesa aliamini mwandiko wangu. "Huyu ni virusi," akasema. "Sindano hazitamsaidia." Akalikata jina lake kwenye orodha ya penisilini.

Siku chache baadaye dereva wetu alirudi kutoka Nungwi. "Yule bibi wa mzaha," akaniambia, "siku hizi hakai ila ameegemea ukuta. Pumzi inamshinda."

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya meza ya Profesa nikiwa nimelikumbatia daftari kifuani. Hotuba niliyoitunga ilinipotea yote.

"Niliandika makohozi. Yalikuwa mate. Nilijua."

Alivua miwani. "Wangapi?"

"Wazee wote," nikasema. "Vijana niliwaambia wakohoe. Wazee niliwaonea haya."

Angenigombeza ningepata nafuu. Alinisogezea kalamu tu, nikakata mistari yangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, yeye akitazama. Nilipomaliza nikachukua vichupa vipya, nikamwomba dereva tuondoke saa ile ile.

Bibi alikuwa pale pale barazani, mgongo ukutani. Nilipiga magoti.

"Bibi, mara ile kosa langu. Sikukueleza."

"Nlijua," akasema, akikatiza maneno kutafuta pumzi. "Uliinama kama bi harusi. Nkasema, nkimkoholea huyu, atazimia."

Kumbe yeye ndiye aliyenisitiri. Nikampa maji asukutue. Kisha, mbele ya wanawake wale wale, nikajishika tumbo, nikavuta pumzi na kukohoa kwa nguvu, kwa sauti mbaya, kumwonyesha. Wakaangua kicheko.

"Hivyo, bibi. Kutoka chini."

Akakohoa. Alikohoa muda mrefu, mkono wake umenishika begani, na safari hii nilimshikia kichupa mdomoni mwenyewe, nikamtazama mpaka alipotoa kitu kizito, cha rangi ya kutu, rangi ya nimonia.