Kinamasi Kilichoungua

Mguu wangu wa kulia ulizama kinamasini hadi gotini, na chini hapakuwa na maji. Palikuwa na moto. Juu nyasi zilikuwa zimeshaungua, majivu yamepoa, ndiyo maana nikakatiza pale. Mfugaji mmoja wa Minjila, aliyekuwa akitafuta ndama wake, ndiye aliyenivuta kwa fimbo yake. Ngozi ilibaki kule.

Hapa kwetu upande wa Golbanti, nyasi za ukingoni mwa kinamasi huchomwa kila kiangazi, wafugaji wapate majani mabichi na sisi wa mpunga tupate pa kulima. Hakuna anayekaa kuulinda moto huo. Ukifika penye maji hujifia wenyewe. Udongo wa mle ndani ni mweusi, mwepesi, ni matete yaliyooza tangu enzi za babu zetu, na maji ndiyo yaliyoulinda usiungue.

Basi mwenyekiti wa kamati ya umwagiliaji akamleta mkandarasi na tingatinga lake, wakachimba mtaro kutoka kinamasini mpaka mtoni. Chifu alikuwepo, akapiga makofi. Sisi wanawake tulisema kinamasi kitakauka. Mwenyekiti akacheka, akasema wanawake hawa wanalilia vyura. Kikakauka kweli. Tukachoma nyasi kama kawaida, na safari hii moto ukaingia ardhini, ukawa unatambaa huko chini kimya kimya mpaka mvua iliponyesha.

Siku hizi tunauziba ule mtaro huku upande wa kinamasi, wakulima na wafugaji pamoja. Tunapigilia miti, tunapanga magunia ya udongo wa mfinyanzi. Wataalamu wanasema udongo mweusi ukilowa unaishika ile kaboni inayosemwa redioni, isiruke hewani. Sawa. Mimi naangalia matete, na yamerudi. Kambare wamerudi, na korongo nyuma yao. Yule mfugaji hunitania tukibeba magunia: “Dada, tangulia na mguu wa kushoto, wa kulia umeshaiva.” Nacheka, maana yeye ana haki ya kunicheka.

Lakini mdomo wa mtaro, kule mtoni, uko wazi mpaka leo. Mwenyekiti amepanda mahindi pale palipokauka, hataki palowe tena. Kwa hiyo kila kiangazi maji tuliyoyazuia hutorokea mtoni kupitia huko kwake, na udongo wetu unaanza tena kukauka.

Mwenyekiti, njoo na mkandarasi wako, na chifu aliyewapigia makofi. Simameni penye ule mdomo wa mtaro mbele ya watu, mseme nani aliamuru pachimbwe, na lini mtapaziba. Nyasi zimeanza kuwa njano. Nataka jibu kabla hazijawashwa.